Nani Atampeleka Bibie

Jumatatu, 4 Mei

Leo nimezaliwa upya! Bosi katutangazia uani kwamba Bibie anahama. Bibie ni yule farasi jike wa kahawia mwenye doa jeupe usoni, ambaye zamani alikuwa mikononi mwa mke wangu. Anapelekwa kwenye mazizi ya mlimani. Na nani anafanya kazi kwenye mazizi ya mlimani? Mke wangu! Bibie atasafirishwa Jumamosi, kwa trela.

Mke wangu. Aliondoka akisema hanichukii, ila amechoka na mipango yangu. Alisema mtu hawezi kutoka kazini kila siku hajui kama atakikuta kitanda. Kitanda nilikiuza mara moja tu, tena kwa nia njema. Tangu aondoke nalala ubavu mmoja, upande wake nauacha wazi, kana kwamba kaenda msalani na anarudi sasa hivi. Nikichemsha chai, mkono wenyewe unashusha vikombe viwili.

Mpango ni huu. Nampeleka Bibie. Nashuka kwenye gari nimechana nywele. Mke wangu ananiona nina kazi ya maana, moyo unalainika, anachukua begi lake, tunarudi wote. Mpango hauna tundu hata moja.

Tundu likaonekana papo hapo. Bosi kasema dereva ni Taratibu. Taratibu! Dereva mwenzangu anayeendesha kama amebeba mayai mapajani. Kabla ya kuwasha gari lazima alizunguke na kugusa kila tairi. Tena mke wangu humwita "shemeji", na hilo "she" analivuta kuliko inavyohitajika. Nikamwambia Bosi kwamba mimi pia ni dereva. Akasema mimi ni dereva wa gari la nyasi, na nyasi hata zikipinduka hazivunjiki miguu. Watu wote uani wakacheka. Mimi sikucheka.

Jumanne, 5 Mei

Nimemwendea Bosi asubuhi, kwa unyenyekevu. Nikamwambia sipendi kusema watu, lakini macho ya Taratibu siku hizi hayaoni mbali, na ningejilaumu mnyama akipata madhara.

Bosi hakubishana. Kamsimamisha Taratibu geti la mbele, akaning'iniza gunia la chakula mlango wa ghala, akamwambia asome. Kasoma yote. Kasoma hata maandishi madogo ya chini, kwamba gunia lihifadhiwe pakavu. Kisha Bosi akageuka, akaniambia nisome mimi. Nikakaza macho, nikasoma kwa sauti kubwa: chakula cha kuku. Mazizi yetu hayana kuku.

Lakini Mungu si Athumani. Mchana Taratibu kamleta Bibie mbele ya trela kwa majaribio, na Bibie kagoma! Kafika kwenye ubao wa kupandia, kasimama. Masikio mbele, shingo imenyooka, haendi mbele wala harudi nyuma. Taratibu kamwonyesha nyasi. Kafungua madirisha ndani kukawa kweupe. Kamzungusha na kumrudisha tena. Wapi! Bibie anautazama ule mlango kama mgeni aliyefika akakuta watu wamekwenda matangani.

Bosi kapiga marufuku fimbo na makelele. Farasi akiingizwa trelani kwa hofu, kasema, safari nzima atapigana na kuta. Kisha akasema maneno matamu kuliko yote niliyosikia mwaka huu: atakayempandisha kwa amani ndiye atakayempeleka.

Jumatano, 6 Mei

Usingizi ulinipita nikiwaza, na mawazo mazuri yalikuja alfajiri. Bibie hamtaki Taratibu. Hanitaki mimi pia. Anamtaka mke wangu. Basi apewe mke wangu!

Koti lake la kazi bado linaning'inia nyuma ya mlango wa chumbani. Sijalifua, na sababu naijua mwenyewe. Nikalivaa. Lilinibana mabega, lakini mikono ilitosha. Nikafunga kitambaa kichwani kama afungavyo yeye. Nikajizoeza mwendo wake chumbani, ule wa kutupa hatua kwa haraka kama mtu aliyeacha maziwa jikoni.

Bibie aliponiona akatoa mlio ambao sijausikia tangu mke wangu aondoke. Akaja mbio hadi kwenye uzio. Akanusa mkono wa koti. Akanusa mfuko. Akanusa uso wangu, akatulia. Halafu akanipita pembeni na kutazama nyuma yangu, kule getini. Alitazama kwa muda mrefu. Sijui kwa nini, na mimi nikageuka nikatazama. Hakukuwa na mtu. Tukabaki hivyo mimi na farasi, tunaangalia geti.

Kisha akaning'oa kifungo cha kola kwa meno.

Nilipogeuka kuondoka, Taratibu alikuwa amesimama pale na ndoo ya maji. Hakucheka. Aliinamisha kichwa kwa heshima akasema, "Za asubuhi, shemeji." Kufikia saa nne uani wote walikuwa wananiita shemeji.

Mchana nikampigia simu mke wangu. Lazima mtu awe na sababu ya kumpigia mtu simu, kwa hiyo nikamuuliza chujio la chai liko wapi. Akasema liko palepale. Nikauliza palepale wapi. Akasema pale linapokaa siku zote. Sauti yake! Hata akisema "chujio" natamani asirudie kazi zake, asimame hapo aendelee kulitaja. Nikajikaza, nikapenyeza swali la Bibie. Akashangaa kwamba sijui. Akasema Bibie ana adabu zake, haingii mahali hivi hivi, mpaka kwanza apigiwe hodi. Akawa anaendelea kueleza kitu kingine, lakini nilikuwa nimeshapata nilichokitaka. Nikamshukuru nikakata simu. Ngojangoja huumiza matumbo.

Alhamisi, 7 Mei

Hodi haifanyi kazi.

Nimempeleka Bibie mbele ya trela mapema kabla Taratibu hajafika. Nikagonga ubavu wa trela. Hodi! Bibie akasimamisha masikio. Akachungulia ndani. Akangoja. Nikasema hodi kwa upole. Nikasema hodi kwa kuimba. Nikasema hodi mara tatu kama watu wastaarabu, tukasubiri wote wawili. Yeye mguu mmoja wa mbele ameshauinua, lakini hauweki! Nikaona labda nagonga upande usio wake, nikazunguka nikagonga upande wa pili.

Bosi alitokea na kikombe chake mkononi. Akauliza kwa nini nabisha hodi kwenye trela tupu. Nikamwambia ni mbinu ya kitaalamu. Akauliza kama nimekula asubuhi. Kisha akauliza kama nina ndugu wa karibu wa kukaa nami siku chache.

Taratibu, anayejifanya ana huruma, kaniambia haraka haraka haina baraka. Kasema tumpe Bibie muda, alale na kuamka akiliona trela, mwisho atalizoea. Muda! Yeye anao, ana mke nyumbani. Mimi Jumamosi ikipita nitakuwa nimelamba garasa, na mke wangu atamwona Taratibu akishuka kwenye gari na shati lake lililopigwa pasi, anamwita shemeji.

Ijumaa, 8 Mei

Sijui nianzie wapi.

Mpango wa leo ulikuwa wa mwisho: kujificha trelani na ndoo ya karoti. Bibie akiletwa na Taratibu, nanyanyua karoti kutoka kwenye giza, anaingia kwa ulafi, najitokeza, ushindi ni wangu. Nikaingia kupitia kale kamlango kadogo ka mbele ka kupita watu, nikalala kwenye nyasi kavu, ndoo kifuani. Lakini Taratibu ni Taratibu. Kwanza alimpiga brashi. Kisha akamfunga bendeji miguuni, mguu mmoja mmoja, ili asijikwaruze njiani. Jua likapanda. Ndani kulikuwa na joto zuri na harufu ya nyasi. Nikasinzia.

Usingizini nikasikia hodi. Taratibu, mtu wa adabu za kupita kiasi, aliona viatu vyangu vinachungulia, na badala ya kunifokea alibisha hodi. Nami, macho yamefumba, nikaitikia kama mtu yeyote angeitikia: "Karibu!"

Kwato. Ko, ko, ko, kwenye ubao. Nikafumbua macho, na pua ya Bibie ilikuwa kwenye ndoo.

Kaingia! Kaingia mwenyewe, kamba imelegea, kama anaingia kwao! Nilitoka kwa kale kamlango kadogo nikiwa nimeacha nusu ya suruali kwenye komeo, maana mtu hasimami ndani ya trela na farasi kwenye nafasi finyu, hata mimi najua. Tukarudia kujaribu, mimi nikiwa nimesimama nje ya kamlango. Taratibu anasema hodi nyuma, nami naitikia mbele. Bibie anaingia. Taratibu akijaribu kuitikia yeye, Bibie anasimama. Bosi akijaribu, anasimama. Nikiitikia mimi, anaingia! Bibie hakuwa mkaidi hata kidogo. Alikuwa anasubiri kuitikiwa.

Ndipo nilipokumbuka. Miaka yote ile, mchana, nilikuwa nalala kwenye ghala la nyasi, ukuta mmoja na banda la Bibie. Na kila mchana nilisikia usingizini sauti ya mke wangu ikisema hodi. Nami naitikia, karibu, na kuendelea kulala nikitabasamu. Nilidhani ananipigia hodi mimi. Nilidhani ni mapenzi. Kumbe alikuwa anamrudisha farasi bandani!

Nimekaa na jambo hili tangu mchana. Linauma kuliko komeo.

Bosi kaamua twende wote. Taratibu ni dereva. Mimi, kwa maneno yake, ni "Karibu".

Jumamosi, 9 Mei

Taratibu kalikagua trela mpaka nikataka kulia. Kagonga mbao za sakafu moja baada ya nyingine kusikiliza kama zimeoza. Kakagua matairi, hata la akiba. Kavuta kiungio na minyororo yake. Kanisimamisha nyuma nimpigie kelele taa ipi inawaka. Kaufunga wavu wa nyasi juu, ili Bibie asinase mguu, na kamba ya Bibie kaifunga kwa fundo linalofunguka kwa kuvutwa mara moja. Nilikuwa nimevaa shati jeupe na nimejipaka manukato, na yote yalikuwa yanayeyuka juani.

Njiani nikamwomba akanyage mafuta kidogo. Akasema wewe umekaa kwenye kiti, umeshika dashibodi kwa mikono miwili, na bado kila kona unaniangukia. Bibie amesimama, hana cha kushika. Tukaenda hivyo hivyo, kila kona kama tunazunguka sufuria ya uji wa moto. Baiskeli ilitupita. Mwenye baiskeli alikuwa anaimba.

Nilikuwa natunga maneno ya kumwambia mke wangu. Nilitunga mazuri sana. Tuliposimama kumnywesha Bibie maji, nikamsogelea kwa dirisha kumsomea, maana yeye pia anamjua. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akanifutia mdomo kwenye shati. Nyasi zilizotafunwa zina kijani kisichotoka kwa maji.

Tukafika. Mke wangu alikuwa amesimama mbele ya mabanda, mikono kiunoni, kitambaa kichwani. Amekonda kidogo usoni. Au mimi ndiye nimesahau. Nilishuka kabla gari halijasimama vizuri, nikakimbilia nyuma, nikashusha ubao, nikashika chuma cha nyuma nikifungue ili anione nafanya kazi.

"Kamba kwanza!" Walipiga kelele pamoja, yeye na Taratibu. Farasi akiona nyuma pako wazi naye kichwa bado kimefungwa, anaweza kujivuta hadi akavunjika shingo. Najua. Nilikuwa najua. Miezi yote hii nimesubiri anene nami ana kwa ana, na maneno ya kwanza yakawa kamba kwanza.

Bibie alipomwona alimwekea kichwa begani, akafumba macho. Mke wangu akamkumbatia shingo, wakakaa hivyo, hakuna aliyemhimiza mwenzake. Nilisimama kando na shati langu la kijani. Nilimwonea farasi wivu, nasema ukweli.

Ilipofika kumwingiza kwenye banda jipya, Bibie akasimama mlangoni. Mke wangu akaniangalia. Kanionyesha kwa kidevu kadirisha ka upande wa pili. Nikazunguka, nikasimama hapo, ukuta ukawa kati yetu. Kisha nikamsikia, sauti ileile ya mchana, ya nyuma ya ukuta, ya nyumbani.

"Hodi."

Nilisema karibu, sauti ikanikatika katikati. Bibie akaingia. Mke wangu hakuingia. Akafunga komeo kwa nje.

Baadaye, Taratibu akiwa anakagua matairi upya kwa ajili ya kurudi, nilimuuliza. Kwamba miaka yote ile alikuwa anampigia hodi farasi na si mimi. Akatabasamu, lile tabasamu la upande. Kasema hodi aliwapigia wote wawili. Kasema, "Uliniitikia kila siku, baba wee. Hukufumbua macho hata siku moja." Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema, maana nadhani alikuwa anaisifu sauti yangu.

Halafu akasema jambo kubwa. Jumapili ya wiki ijayo hana kazi. Akasema nije. Nipande basi kama watu, nishuke kwenye geti, tunywe chai tuzungumze. Nisilete kitu. Nisipange kitu. Nije tu, mimi mwenyewe. Nikaapa. Akaniondolea jani la nyasi kwenye kola. Vidole vyake viligusa shingo yangu, na hadi sasa naijua sehemu yenyewe.

Jumatano, 13 Mei

Siku haziendi. Nimefua shati, kijani kimebaki. Nimelitoa koti lake nyuma ya mlango, nikalirudisha.

Nawaza. Mtu mzima hawezi kupanda basi akaenda hivi hivi, mikono inaning'inia. Nitashuka pale nitasema nimekuja kufanya nini? Nimekuja kukuona? Na akisema haya, umeshaniona? Hapana. Lazima kuwe na sababu ya kueleweka.

Kuna punda mzee nyuma ya ghala letu ambaye kazi yake ni kula. Nimemweleza Bosi kwamba Bibie ni mgeni kule mlimani, mpweke, na farasi mpweke huacha kula. Anahitaji mwenzake. Bosi kasema nikiweza kumwondoa yule punda hatanidai shukrani, na gari nitalipata, maana Jumapili Taratibu anapumzika. Kwa hiyo naendesha mimi! Mke wangu ataniona nyuma ya usukani hatimaye.

Taratibu kanifuata ghalani. Kasema, "Ndugu yangu, panda basi." Wivu huo.

Jumapili, 17 Mei

Nilikagua kila kitu kama Taratibu. Sakafu, matairi, taa, minyororo. Wavu wa nyasi juu. Nilijisifu mwenyewe.

Punda kafika kwenye ubao, kakaa chini.

Nikasema hodi nyuma, nikakimbia mbele nikasema karibu, nikakimbia nyuma kumtazama. Nikafanya hivyo hadi magoti yakaisha. Huyu hakufundishwa na mtu yeyote. Nikamwonyesha karoti, akazila bila kuinuka. Nikamsihi. Nikamweleza habari zangu zote, kuanzia kitanda. Kila mara basi la mlimani lilikuwa linapita mbele ya geti letu, linapunguza mwendo, kondakta ananitazama, namwashiria apite, nina kazi.

Jioni simu ikalia. Yeye! Akauliza niko wapi. Nikamwambia nilitaka kumshtukiza lakini basi, acha niseme: namletea punda. Akauliza kama mabasi yalikuwa yamejaa. Nikasema wala, yamepita nusu tupu mchana kutwa, nimeyaona kwa macho yangu. Akasema alikuwa amekaa getini tangu asubuhi, na chai imepoa.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, Jumapili ijayo punda atakuwa amekubali.

Akasema, "Haya." Neno hilo moja tu, kwa sauti ndogo sana, kisha simu ikakatika. Nimelipima jioni yote, nikalisema mwenyewe kwa sauti yake, haya, haya. Nimeridhika sasa. Wazo la punda limemgusa.